Mkwe wa Milimau

Hakuwa na desturi ya kumsalimia mtu kabla ya mti. Ungeweza kusimama mlangoni, mkono umeshaunyoosha, yeye anakupita hivyo hivyo mpaka kwenye mlimau wako, anageuza jani, anatazama mgongo wake, ananusa kidole, halafu ndiyo anarudi: "Haya, mkwe. Mwaramutse. Binti yangu unamlisha nini?" Wenye haraka walikasirika. Wengine tulicheka. Nyamirambo nzima ilimwita Mzee wa Miche, nami nitamwita hivyo, inatosha.

Nani alimzaa na wapi, sijui, na sikumwuliza. Kwetu maswali ya ukoo yameshaua watu wa kutosha. Najua tu kwamba alikulia Bujumbura kwenye mitaa ya Waswahili, ndiyo maana alimwita kila mtu "weye", na kwamba aliingia Kigali baada ya vita na kisu cha kubebeshea miche amekifunga ndani ya soksi. Kitalu chake kilikuwa Gatsata, kwenye mteremko juu ya barabara. Aliotesha mbegu za mlimau mkali wa kienyeji. Shina likifika unene wa penseli analichana ngozi, anaingiza jicho la mti mtamu, mchungwa au mchenza au mlimau mzuri wa kisasa, anafunga kwa ukamba wa mgomba. Jicho likishika, mti umebebeshwa, uko tayari kwenda kwa watu.

Kwenda kwa watu, siyo kuuzwa. Pesa alipokea, lakini aliyeleta pesa alionekana kama ameleta mahari. Mti alikuwa amekuoza wewe, na baba wa bibi harusi ana haki ya kuja kumwona mwanawe wakati wowote. Kwa haki hiyo aliingia kwenye nyua ambazo hata mkuu wa mudugudu, kiongozi wa mtaa, alibisha hodi mara mbili. Anaingia, anakagua, anagomba, anakunywa chai, anatoka. Sote tulikuwa wakwe zake. Isipokuwa mimi. Mimi sikuwa na mti wake, na sababu nitaisema.

Siku moja pale Nyabugogo alimgomea dereva wa pikipiki kwa sababu alikuwa na kofia moja tu ya abiria. Abiria tuko wawili, alisema, mimi na huyu, akionyesha mche kwenye kopo la maziwa. Yule kijana akamwuliza mti una kichwa gani. "Kichwa si hicho cha juu," mzee akasema. "Kina majani matatu. Weye cha kwako kina nini?" Watu wakacheka, dereva naye akacheka, akampakia. Mzee akauvika mche kofia, yeye akapanda kichwa wazi. Polisi wa kwanza waliyemkuta aliwashusha. Akaja kwa miguu mpaka Nyamirambo, mche kifuani, wala hakujuta.

Talaka pia alitoa. Kule Nyarutarama, kwenye jumba moja karibu na uwanja wa gofu, mtunza bustani aliukata mchenza wake ukawa duara kama mpira. Mzee aliuona, akaenda zake. Kesho yake alirudi mchana kweupe na jembe, akarudisha pesa zote mkononi mwa mlinzi, akauchimba mti na udongo wake, akaubeba begani kama mgonjwa. Mlinzi alikuwa Mrundi, na mzee naye kwa malezi alikuwa nusu Mrundi. Badala ya kumzuia alimfungulia lango.

Msifikiri alikuwa mtakatifu. Alikuwa mbahili wa matunda, hakugawa hata limau moja lililoanguka. Misa alikwenda, ila alikaa nyuma kabisa na alitoka kabla ya mahubiri, akisema mahubiri ameshapewa mengi. Na yeye aliyejaza malimau mji mzima alikuwa hawezi kabisa ukali wa limau. Ukimtilia tone moja kwenye chai anasogeza kikombe kama umemtemea. Nilimcheka mara ngapi. Alisema baba wa bibi harusi halali kitanda cha bibi harusi.

Sasa huyo mdudu, maana bila yeye nisingeandika.

Ni nondo mdogo kuliko punje ya mtama, mweupe wa kung'aa kama gamba la samaki. Mwenyewe humwoni. Unachoona ni kazi ya mtoto wake. Anataga kwenye jani changa la mlimau, mndimu, mchungwa, mchenza, miti ya ukoo huo. Mparachichi haugusi, mwembe haugusi. Kifunza kikitoka kinaingia ndani ya jani lenyewe, chini ya ngozi, kinakula huku kinakwenda, na nyuma yake kinaacha mstari wa fedha unaopinda na kupinda, katikati yake uzi mweusi, ndiyo uchafu wake. Kikishiba kinakunja ukingo wa jani kinalala humo mpaka kiote mabawa. Jani linajikunyata kama mkono wa mwenye baridi. Lakini jani likishakomaa, likawa gumu, hakiliwezi tena. Hilo mlishike: anakula majani machanga tu.

Mzee hakumpenda wala hakumchukia. Mti mzima haufi kwa ajili yake, alisema, unachafuka uso tu. Alikataa dawa ya kupuliza, kwa sababu dawa inaua pia nyigu wadogo wanaomwinda yule kifunza ndani ya jani. Kwa ajili ya dawa aligombana na mke wa Sebikari mpaka akaacha kukanyaga kwao miaka mingi. Yule mama alikuwa anapuliza mlimau wake mpaka majani yanadondosha maji meupe. Ukwe ukavunjika.

Sebikari ni jirani yangu. Jina lake nitalitaja kila nikipata nafasi. Mke wake anaitwa Spesiyoza.

Mwaka tisini na nne, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Sebikari alisimama kwenye kizuizi mwisho wa chini wa barabara yetu, na rungu mkononi. Mimi nilikuwa nimetumwa kwa rafiki wa mama upande wa msikiti, familia ya Kiislamu, wakanificha darini mpaka mwisho. Mama alibaki nyumbani. Hakukimbia kwa sababu mdogo wangu alikuwa na polio, alivaa chuma mguuni kutoka pajani mpaka kwenye kiatu, na mama asingeweza kumbeba na kukimbia. Niliporudi, nyumba ilikuwa kuta.

Sebikari alifungwa. Kwenye gacaca, mahakama ya majirani tuliyokaa kwenye nyasi, aliinama vizuri, akaomba msamaha vizuri, akasema mama na mdogo wangu walipelekwa Nyabarongo wakatupwa mtoni, na yeye aliwaona tu wakipita. Nikasimama. Mimi nimesoma darasa la nne, kusema mbele za watu sijui, lakini nilisema: mtoto yule alikuwa hafiki hata barabarani bila kupumzika, alitembeaje mpaka Nyabarongo? Wakaandika mto. Miaka yote hiyo wenzangu wakienda kuzika watu wao, mimi nilikwenda kutupa maua kwenye maji ya matope, nikijua natupa bure.

Ndiyo maana sikuchukua mti. Kila alipopita kwenye kibaraza changu cha cherehani mzee alisema, "Binti, hapa mlangoni pako panamfaa mchungwa." Nami nilimjibu vibaya. Nilimwambia siku moja kwamba ninyi mliorudi kutoka nje mmekuta nchi wazi, mnapanda tu, kila mahali kwenu ni bustani. Mimi sipandi kitu mpaka nijue nilichozika. Nikamwambia, wewe hukuwepo.

"Sikuwepo," alisema. "Ndiyo maana mi nakaa hapa nasikiliza." Akakaa kweli kwenye benchi langu, nikashona mikono miwili ya gauni akiwa pale.

Sebikari alipotoka gerezani alirudi kunywa chai pale tunapokunywa sote. Hiyo ndiyo Kigali, unapokezana sukari na mtu huyo. Asubuhi moja mazungumzo yalikuwa juu ya majani ya milimau, nondo walikuwa wengi, kila mtu analalamika. Sebikari akasema, anakoroga chai, kwamba wadudu hawa dawa yao inajulikana, ni kuwang'oa wote na mayai yao.

Pale mezani vijiko vilisimama. Wengine walinitazama mimi, wengine walitazama meza.

Mzee wa Miche aliweka kikombe chini. "Sebikari, kama unasema nondo, sema nondo."

"Si ndiyo nasema, mzee? Nasema wadudu wa majani."

"Basi sema hivyo. Taja jani, taja mti. Neno mdudu peke yake usilitaje mbele yangu."

Sebikari akacheka, akasema wazee wa Bujumbura wana mambo. Lakini hakumaliza chai.

Tulipotoka nilimchokoza mzee. Nikamwambia, wewe unayeita miti mabibi harusi, unawavika kofia, leo unamkataza mtu maneno? Alisimama katikati ya njia. "Kuuita mti mtu, hakuna aliyekufa kwa hilo," alisema. "Kumwita mtu mdudu, mwaka tisini na nne umeona." Sheria yake ilikuwa hiyo na aliishika pande zote mbili: mtu hakumwita mdudu, na mdudu hakumfanya mtu. Hakukubali kusikia kwamba nondo ni mwizi, au mjanja, au adui. Nondo ana njaa, basi.

Halafu ikaja Jumamosi ya umuganda, kazi ya wote ya mwisho wa mwezi, na tukafanya kosa ambalo ni watu wa Kigali tu wanaweza kulifanya. Sisi tunapenda usafi mpaka unatudhuru. Mkuu wa mudugudu alikuwa ameona majani yaliyojikunja, ya fedha, yamechakaa, akaona aibu, wageni wangepita. Akaamuru milimau yote, michungwa yote, ikatwe matawi yote yenye majani mabaya. Tukakata kwa bidii. Jioni mtaa ulikuwa umenyolewa. Tukajipongeza.

Mti ukiukata unafanya nini? Unachipua. Mvua zilikuwa bado zinanyesha, miti yote ikachipua siku moja, majani laini kama ulimi wa mtoto, na nondo wote wa Nyamirambo wakawekewa meza. Baada ya wiki chache hapakuwa na jani jipya lisilo na mstari. Mzee alipoona alikaa chini kwenye ukingo wa mtaro, akacheka mpaka akatoa machozi. Alisema katika maisha yake hajawahi kuona karamu iliyoandaliwa na serikali ya mtaa. Mkuu wa mudugudu, naye ni mtu mwema, akameza aibu yake, akamwomba apite nyumba kwa nyumba awaambie watu wasikate tena wala wasipulize. Waache. Kiangazi kikija miti italala, majani yatakomaa, nondo watakosa chakula, mambo yatapoa yenyewe.

Akapita kila nyumba, hata kwa Spesiyoza. Ukwe ukafufuka kwa nguvu za serikali.

Kiangazi kikaja. Vumbi jekundu, milimau yote imelala, majani magumu, ya kijani kilichoiva. Kama alivyosema. Mzee alikuwa anazunguka anapokea sifa. Kisha nikaona amebadilika. Akaja kwenye kibaraza changu asubuhi, hakutaja mchungwa. Akaniuliza kama kwa Sebikari kuna bomba upande wa nyuma ya jiko. Nikamwambia hakuna, maji wanachota kama sisi. Akaniuliza choo chao cha zamani kilikuwa wapi. Nikasema upande wa barabara, ndiyo wanavyosema siku zote.

Alikaa. Halafu akanieleza polepole, kama mtu anayebeba maji yaliyojaa. Miti yote ya mtaa imelala, isipokuwa mlimau wa Sebikari nyuma ya jiko. Ule unatoa majani machanga katikati ya kiangazi, na nondo wote waliobaki wako pale, majani yake yote yameandikwa fedha. Mti hauna kiangazi kwa sababu moja: mizizi imefika chini kwenye unyevu na mbolea. Kule Bujumbura walipanda hivyo, juu ya choo cha zamani kilichofukiwa. Zamani asingejua, kwa sababu Spesiyoza alikuwa anapuliza dawa, majani yalikuwa safi mwaka mzima, na yeye alikuwa haingii.

"Mti ule niliupanda mimi," akasema. "Miaka ya kwanza baada ya vita. Yule mama alinionyesha mahali. Mi nikataka karibu na mlango, yeye akasema hapana, hapa. Nikachimba. Udongo ulikuwa laini, binti. Nikafurahi. Nikamwambia una bahati, mkwe, udongo wako unachimbika kwa mkono."

Nilikuwa na sindano mdomoni. Niliitoa nikaichoma kwenye kitambaa, nikafunga kibaraza, tukaenda wote wawili kwa mkuu wa mudugudu.

Siku ya kuchimba Sebikari alisimama kwenye kizingiti chake na shati jeupe. Alisema ule ni mti wake, unazaa, watu wanataka kumharibia mali kwa chuki. Spesiyoza alisema pale hapajawahi kuwa na shimo tangu dunia iumbwe. Vijana wakashika mapanga waukate. Mzee wa Miche akawaambia wangoje.

"Mi niliuleta," alisema, "mi nautoa."

Akavua koti. Alikuwa mzee tayari, lakini hakuna aliyethubutu kumpokea jembe. Kabla hajaanza alitoa kisu kwenye soksi, akakata kijiti kimoja, akakiweka mfukoni, nikamwona, nikafikiri ni mazoea ya mkono tu. Kisha akachimba kuuzunguka, akakata mizizi mmoja mmoja, mpaka mti ukainama. Ule mzizi wa kati ulikuwa umekwenda chini moja kwa moja. Vijana wakaufuata.

Walikuwamo wengi. Majina ya wengine nimeshayapeleka kwa ndugu zao. Chuma cha mguu kilikuwa kimeshika kutu lakini hakikuoza, na kiatu bado kimefungwa kwake. Mama alikuwa upande wake wa kulia. Nyabarongo ni mbali sana na pale.

Tuliwazika kwa heshima, wamelala na wenzao, nami sitaandika juu ya siku hiyo. Nitaandika juu ya yaliyofuata, maana ndiyo yananichoma. Mchungaji mmoja alihubiri kwamba Mungu alimtuma mdudu mdogo kufichua siri kubwa. Watu wakapenda sana. Wakaja kibarazani kwangu na hadithi hiyo, wakitaka nami niipende: angalia, nondo ameshuhudia. Niliwafukuza. Nondo hakushuhudia kitu. Nondo alikuwa anakula. Aliyejua ni Sebikari, alijua kila siku aliyokunywa chai mbele yangu. Aliyejua ni Spesiyoza, aliyenyoosha kidole akasema hapa. Watu wenye midomo walikuwapo, msimpe mdudu kazi yao.

Sebikari walimchukua, wakamhoji, wakamrudisha. Kifungo alikwisha kukitumikia, na kuhusu shimo alisema waliotupa humo ni wengine, walikimbilia Kongo wakafia huko. Wafu wa Kongo wamebebeshwa mengi.

Mzee hakuja tena Nyamirambo. Nikasikia anaumwa. Nikasikia na jingine: kwamba kile kijiti cha mlimau wa Sebikari alikibebesha, mche uko hai kwenye kitalu chake. Damu ikanipanda kichwani. Nikapanda basi mpaka Gatsata kwenda kumgombeza mgonjwa.

Nilimkuta amekaa juu ya gunia mlangoni, blanketi magotini. Vitalu vilikuwa vimeingiwa na magugu. Sikumsalimia. Nilipita mpaka kwenye makopo, nikautafuta, nikaujua kwa sababu alikuwa ameutenga peke yake kivulini. Ulikuwa umefika gotini. Majani mapya matatu juu, moja tayari lina mstari.

"Sasa weye ndiye unasalimia mti kwanza," akasema nyuma yangu.

Nikamwuliza alikusudia nini. Nilimwuliza kwa sauti ambayo mtu hamtolei mzee.

"Sikukusudia. Mkono ulikata. Halafu nikaona siwezi kuutupa bila kukuuliza, na siwezi kukuuliza." Akajaribu kufunga blanketi, vidole vikakataa, nikamfungia. "Mti ule haukumwua mtu, binti. Ulipelekwa pale kufunika, kama mi nilivyopelekwa. Lakini weye ndiye utasema. Ukisema vunja, vunja sasa hivi, mi nitatazama."

Nilikishika kile kishina. Ni kitu chembamba, kingevunjika kwa vidole viwili. Nikafikiria mama, na udongo laini, na huyu mzee anafurahi na jembe lake. Nikafikiria pia Sebikari, kwamba mti huo ukifa hakuna kitakachomkumbusha lile shimo.

"Ukipandwa mlangoni pangu," nilisema, "ataupita kila siku. Hana njia nyingine."

Mzee akaanza kucheka, kile kicheko cha siku ya umuganda, kikageuka kikohozi. Alipopata pumzi alinyoosha mkono, nikaupokea.

"Haya, mkwe," akasema. "Binti yangu utamlisha nini?"

Kwenye pikipiki niliuvika kofia. Polisi hawakutuona.

Sasa uko mlangoni, umenipita kiuno. Sipulizi dawa. Majani mapya yakitoka yanaandikwa fedha, yanajikunja, mengine yanatoka. Juzi Sebikari alisimama, alikuwa hajasimama hapo tangu siku ya kuchimba. Alitazama majani, akasema kwa upole wa jirani kwamba iko dawa nzuri ya hawa, anaweza kuniletea.

Nilimwambia dawa akae nayo. Nilimwambia aniletee majina. Nani alimshika mdogo wangu, nani alimshika mama, na asiniambie waliokufa Kongo, aniambie wanaokunywa chai.

Akapita. Kesho atapita tena.